Mashine inalia nyuma ya gofu la Mjerumani: nichimbe au niache?

"Shikamoo mtaalamu. Babu alituachia shamba Muheza, ndani yake kuna gofu la nyumba ya zamani wanasema alikaa Mjerumani wa mkonge, limebaki msingi, ngazi za mbele na ukuta mmoja. Nimenunua ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini, kwa mtu, laki saba. Mpaka sasa nimetoa misumari karibu ndoo nzima, kitasa, na sarafu moja ya tundu katikati ina taji, imeandikwa 10 Heller 1909. Nyuma ya nyumba kuna sehemu mashine inalia kila nikipitisha, udongo wake mwekundu kuliko kwingine. Nikaleta jamaa mwenye ile mashine ya antena mbili, akasema hapo chini kuna sanduku la dhahabu futi arobaini, anataka laki sita na mbuzi mweusi ndo aanze kazi. Pia karibu na mwembe nimetoa chuma kizito kama chupa, kina kutu, kwa chini kina pete ya shaba, nimeikwangua ikang'aa. Nimekiweka stoo. Je nichimbe hapo nyuma? Sheria inasemaje? Na sarafu nikiisafisha na ndimu nitauza bei gani?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo ya dhahabu, sheria na bei, ila mi naanza na kile ulichokitaja kwa kupita tu kama vile si kitu. Hicho chuma cha stoo. Kama ulivyokieleza ndivyo kilivyo, yaani kizito, umbo la chupa, halafu pete ya shaba karibu na kitako, basi kuna uwezekano mkubwa ni kombora la mzinga. Ile pete kazi yake ni kung'ata mistari iliyochongwa ndani ya mtutu ili kombora litoke linazunguka. Ikiwa na alama za mshazari kama imepigwa tupa mstari mmoja mmoja maana yake lilishafyatuliwa, likatua, halikulipuka, na la namna hiyo ndo baya kuliko ambalo halijawahi kutumika. Sasa usije ukasema ngoja nikaangalie kama alama zipo. Usiende. Usilikwangue tena, usilimwagie maji, usilisogeze, na zaidi ya yote usilifunge kwenye bodaboda ulipeleke kituoni maana kuna watu wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Toa watoto na mifugo eneo hilo, funga stoo, piga 112 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu uwaelekeze, wao ndio wanaowasiliana na jeshi, na jeshi ndo lenye watu wa kuja kuliharibu. Mwenyekiti wa kijiji naye ajue.

Usidhani natia chumvi. Muheza ipo kwenye reli ya Usambara, Waingereza walipigwa Tanga Novemba 1914, 1916 wakarudi safari hii wakiifuata reli kutokea upande wa Moshi na Tanga ikachukuliwa Julai mwaka huohuo, kwa hiyo vyuma vya vita kubakia kwenye mashamba ya huko ni kitu cha kutegemea. Miaka mia na kitu haijafanya baruti iwe salama, nyingine zinazidi kuwa na hasira maana baruti za zamani zile zikikaa na chuma zinatengeneza chumvi zinazolipuka kwa kuguswa tu. Na sio lazima kiwe cha vita vya kwanza, Novemba 2017 kule Ngara bomu la mkono lililookotwa na mtoto akidhani ni chuma chakavu lilifika mpaka shuleni na wanafunzi wakafa. Kwa hiyo acha kusoma hapa, kapige simu, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Haya.

Dhahabu sasa. Hadithi ya mali za Mjerumani ipo kila mahali palipo na gofu, nimeisikia Lushoto, Kilosa, Songea, na kila mara ni ileile, Mjerumani alikuwa anakimbia, akafukia, akachora ramani, akafa nayo. Hebu tuangalie hesabu yenyewe. Vita vilipoanza 1914 koloni lilizingirwa baharini, sarafu kutoka Ulaya hazikuingia tena, na za fedha zilizokuwepo watu wakaanza kuzikalia. Serikali ya Kijerumani ilifikia mahali pa kuchapa noti za muda humuhumu ndani kuanzia 1915, na kufika 1917 wakiwa porini walikuwa wanagonga noti kwa herufi za mpira za kuchezea watoto, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Dhahabu iliyokuwepo, ya mgodi wa Sekenke, waliipeleka kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916 wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo, kama elfu kumi na sita hivi, kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora Septemba. Sasa serikali nzima inagonga noti kwa mihuri ya watoto, we unadhani mwenye shamba la mkonge Muheza alikuwa na sanduku la dhahabu chini ya jiko? Mali ya mtu wa mkonge ilikuwa ni shamba lenyewe, korona, yaani mashine ya kuchakatia mkonge, reli za trola, na mara nyingi deni. Vita vilipoisha hayo yote yakachukuliwa kama mali ya adui yakapigwa mnada.

Simaanishi kwamba hakuna mtu aliyewahi kufukia kitu. Watu wamefukia, kila nchi iliyopita vita wamefukia, ila ni rupia kadhaa kwenye kopo, bunduki iliyofungwa turubai lenye mafuta, vyombo vya mezani. Na anayefukia anategemea kurudi, anafukia usiku kwa haraka, kwa hiyo kitu kinakaa mkono mmoja chini, sanasana kiunoni. Futi arobaini ni mita kumi na mbili. Kuchimba shimo hilo kunataka wachimbaji kadhaa, mbao za kuzuia kuta, kamba, ndoo, wiki nzima au zaidi, kijiji kizima kinaona. Huko unaweza kukutana na maji kabla ya dhahabu. Halafu mashimo kama hayo yanabomoka, yanafunika watu, na ukichimba karibu na huo ukuta mmoja uliobaki unaondoa kitu kinachoushikilia.

Kuhusu jamaa wa antena sitazunguka, huo ni utapeli, na hata yeye mwenyewe anaweza asijue kama anatapeli. Zile fimbo zinageuka kwa sababu ya mkono, kiganja kikiinama kidogo sana ambako hata mwenyewe hakusikii, fimbo inazunguka, na mkono unafuata mawazo ya kichwa. Kiboksi cha kushikia kinaweza kuwa na taa, skrini, hata sauti ya kike inayosema "gold", ndani hakuna kinachopima chochote. Kuna Mwingereza mmoja anaitwa James McCormick aliuzia nchi kadhaa, Iraq ikiwemo, vifaa vya antena namna hiyohiyo akisema vinagundua mabomu, kumbe asili yake ni kimchezo cha kutafutia mipira ya ule mchezo wa golf, mwaka 2013 mahakama ya London ikampa miaka kumi jela. Watu walikufa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kukiamini kile kiboksi. We mjaribu huyo jamaa hivi: panga ndoo kumi, yeye akiwa amekwenda mbali haoni, weka pete ya dhahabu ya mama chini ya ndoo moja, na aliyeweka naye aondoke asiwepo, maana mtu anayejua jibu anavujisha kwa macho. Rudieni mara kadhaa. Akikataa, akasema mizimu haitaki majaribio, umeokoa laki sita na mbuzi.

Turudi kwenye mashine yako ya kweli, maana hii ndo sehemu ambayo wengi hawaelezwi na muuzaji. Ile sahani ya chini, koili, inatoa nguvu ya sumaku inayobadilika mara maelfu kwa sekunde. Ikipita juu ya chuma chochote, ndani ya hicho chuma unaanza kuzunguka umeme mdogo, na huo umeme nao unatoa sumaku yake inayorudi juu kwa kuchelewa kidogo. Mashine inasikiliza vitu viwili tu, ukubwa wa jibu na kuchelewa kwake. Fedha na shaba nene vinachelewa sana, karatasi ya sigara ya kung'aa na kipande chembamba vinachelewa kidogo, chuma cha kawaida kina tabia yake. Kutokana na hapo inakupa namba kwenye skrini. Kwa hiyo mashine haijui dhahabu, haijawahi kuijua. Pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha kopo la soda vinaweza kutoa namba moja, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayokutofautishia kwa uhakika bila kuchimba.

Halafu kina. Sumaku ikishuka inapungua haraka sana, na jibu likipanda nalo linapungua vilevile, unalipa mara mbili. Ukishavuka kina kinacholingana na upana wa koili, ukiongeza umbali mara mbili jibu linabaki karibu sehemu moja ya sitini na nne. Ndo maana sarafu ya kawaida kwa mashine kama yako utaisikia sentimita 15, 20, ukibahatika na udongo mzuri 25. Kitu kikubwa kama pipa, mita moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine yake imeona sanduku mita kumi na mbili, huna haja ya kubishana naye kuhusu Mjerumani, mbishie hiyo hesabu tu.

Sasa pale nyuma panapolia. Udongo mwekundu wa kwetu una madini ya chuma ndani yake, hiyo rangi ndiyo hiyo, na baadhi ya hayo madini yana usumaku unaoisumbua mashine. Kutafuta sarafu humo kwa mashine ambayo haijabalansiwa, yaani haijarekebishwa kwa udongo huo, ni kama kupokea simu ndani ya mashine ya kusaga. Lakini kuna jambo jingine, na mi nahisi ndilo lako: udongo uliochomwa moto mara nyingi unakuwa na usumaku zaidi ya ule wa jirani yake, tena unakuwa mwekundu zaidi. Nyuma ya nyumba, kimbilio la moshi, mbali kidogo na vyumba vya kulala, wapishi wanaingia na kutoka... hilo ni jiko. Nyumba zile jiko lilijengwa kando, na miaka ya moto wa kuni imeubadilisha udongo pale chini. Kwa mtu wa antena hapo ni sanduku, kwangu mi hapo ni mafiga.

Unahakiki hivi. Simama hapo hapo, inua koili juu na kuishusha mara kadhaa bila kuipeleka pembeni, kwenye mashine nyingi ukibonyeza ile batani ya udongo huku ukifanya hivyo inajirekebisha mpaka inyamaze au ibaki na mngurumo mdogo. Kama yako inajirekebisha yenyewe tu, punguza usikivu hatua mbili tatu. Halafu pitisha tena taratibu. Sauti ya udongo inapanda polepole, haina mahali inapoanzia wala kuishia, ukiinua koili kiganja kimoja inakufa. Sauti ya sarafu ni fupi, ina kona, inarudia mahali palepale ukitokea kaskazini na ukigeuka ukatokea mashariki, na namba haiyumbi sana. Kama bado pana sauti ya namna ya pili katikati ya huo wekundu, chimba kwa mwiko, sio jembe, kina cha kiganja kwanza.

Na misumari ndoo nzima hiyo usiidharau, ila ielewe. Nyumba ikiungua au ikibomoka mbao zinaoza, misumari inabaki imetapakaa, na koili kubwa ikiwa inaona misumari mitatu na sarafu moja kwa wakati mmoja inakupa sauti ya chuma na sarafu inapotea humo. Kingine kinachokupotezea ni kile kichujio cha takataka, kinachoinyamazisha mashine kwa vyuma visivyotakiwa, najua umekiwasha, kila mtu anakiwasha wiki ya kwanza. Hiyo Heller 10 yako ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, namba yake inaanguka eneo la katikati humohumo yanamokaa makopo na vizibo vya aluminiamu. Ukichuja takataka unachuja na heller na pete ndogo za dhahabu pamoja. Fanya hivi, iweke hiyo sarafu yako chini mahali pasipo na chuma, ipitishie koili, andika namba. Fanya hivyo na sarafu zetu za sasa, na kipande cha bati, na msumari uliolala na uliosimama. Hiyo orodha ndogo ya mashine yako mwenyewe ina thamani kuliko video mia.

Mahali pa kutafuta sio katikati ya nyumba. Watu wa nyumba kubwa hawakudondosha sana hela, na walipodondosha sakafu ya saruji ikawaonyesha. Nenda ngazi za mbele, pembeni zake pale mtu anapokaa kusubiri kuitwa. Nenda njia ya kwenda kisimani. Nenda chini ya huo mwembe (ukishapita polisi na wakisema eneo ni salama, sio kabla, maana kombora moja linaweza kuwa na ndugu zake). Zaidi ya yote ulizia wazee kambi ya manamba, vibarua wa mkonge, ilikuwa wapi, maana shamba lolote la mkonge lilikuwa na kambi, na siku ya mshahara hela ndogondogo zilipita mikono mingi sana pale, kwenye duka, kwenye pombe, kwenye kamari. Tundu la sarafu yako watu walikuwa wanapitisha uzi wakazifunga shingoni au kiunoni, uzi ukikatika zinaanguka kadhaa pamoja, kwa hiyo ulipopata moja zunguka hapohapo hatua mbili tatu kabla hujahama.

Utakutana na zipi? Kama ni eneo hilo utaona pesa za shaba za kampuni ya Kijerumani za mwaka 1890 mpaka 1892 zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, 64 zilikuwa rupia moja. Kuanzia 1904 wakageuza, rupia ikawa heller 100, ndo ukoo wa hiyo yako, na ukiangalia kwa lenzi ya simu utaona herufi J au A, J ni Hamburg, A ni Berlin. Kisha Waingereza, florini ya 1920 iliyodumu kidogo tu, halafu shilingi ya simba ya kuanzia 1921 na senti 10 na 5 za tundu, hizi utazipata mpaka uchoke. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ukiipata usishangae imeandikwa 1780, karibu zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya ishirini.

Sheria. Kwa Tanzania bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, na mstari wake mkubwa ni mwaka 1863, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo kinahesabika masalia, na kuchimba kutafuta masalia bila leseni ya mkurugenzi wa mambo ya kale ni kosa, hata kama ni kwenye shamba lako. Ukikikuta kwa bahati unatakiwa utoe taarifa. Kukitoa nje ya nchi bila kibali usijaribu. Kuna vitu vilivyolindwa hata vikiwa vya juzi, milango ya nakshi ya kabla ya 1940 kwa mfano, kwa hiyo ukikuta fremu ya mlango imelala kwenye gofu usiione kuni. Gofu lako la mkonge kwa umri tu halifiki huko nyuma, mkonge wenyewe uliletwa 1893, lakini waziri anaweza kutangaza jengo lolote kuwa kumbukumbu, kwa hiyo ulizia kwanza halmashauri, afisa utamaduni anajua au anajua wa kumuuliza. Zanzibar wana sheria yao na idara yao. Msomaji wa Kenya, kwenu ni sheria ya 2006 na mwaka wenu ni 1895, na kitu cha kale kilichopo ardhini kwenu ni cha serikali.

Kinachoniogopesha mi sio gofu, ni kilicho chini ya gofu au jirani yake. Ukanda wa Tanga, Pangani, Muheza mpaka baharini una mahame ya watu waliokaa karne nyingi kabla ya Mjerumani yeyote. Ukianza kuona vigae vya vyungu vyenye michoro ya mikwaruzo, vigae vinavyong'aa vya bluu au kijani, shanga ndogo za kioo, kuta za mawe ya matumbawe, vipande vya kaburi la nguzo kama yale ya Tongoni, weka mwiko chini. Hapo sarafu moja ya shaba isiyo na sura ya mtu inaweza kuwa ya masultani wa Kilwa. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zilitoka sarafu zaidi ya 2,000 ndogo za fedha na chache za dhahabu, na tunajua zinatuambia nini kwa sababu zilichunguzwa kitaalamu pamoja na mahali zilipotoka. Zingetolewa na mtu mwenye ditekta usiku zingekuwa gramu za fedha kwa sonara, basi.

Na makaburi. Mahame mengi ya vijijini, ya kabla ya Operesheni Vijiji ile ya 1973 mpaka 1976 na ya wakati huohuo, watu walizikwa kandokando ya nyumba, jiwe tu la kichwani au mti umepandwa. Kambi za manamba ndo usiseme, watu walifia mbali na kwao. Uliza wazee kabla ya kila sehemu mpya, na palipo na makaburi usichimbe hata mashine ikiimba taarabu.

Halafu ardhi yenyewe. Umesema babu aliwaachia, sawa, mirathi imefunguliwa? Hati au barua ya kijiji ipo jina la nani? Mashamba ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, mengine yakauzwa baadaye, mengine yakamegwa vijiji, mipaka imechezewa sana. Shangazi yako akisikia umetoa "dhahabu ya Mjerumani" hatauliza kama ni misumari. Pata ruhusa ya ndugu kwa maandishi, mwambie mtendaji, kila kitu unachotoa piga picha kikiwa bado shimoni, simu ikuwekee na mahali, weka kwenye bahasha uandike tarehe na kina. Shimo lifukie. Na ukichomwa na msumari wa kutu nenda zahanati wakuangalie chanjo ya pepopunda, usipake mafuta ya taa.

Ndimu: hapana. Wala majivu, wala stilwaya, wala soda, wala dawa ya meno. Asidi inakula nikeli na shaba bila mpangilio, unabaki na kitu cha pinki kina vidoti, mkusanyaji akiiona tu anaiweka chini, na alichokuwa atakulipa kimeondoka na ule weusi ulioutoa. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) siku kadhaa ukibadilisha maji, yale ya kuongezea betri yanafaa ila soma chupa vizuri isije ikawa asidi ya betri, vinauzwa rafu moja. Toa udongo kwa kijiti cha mwanzi, kausha kwa kitambaa bila kusugua, iache ikauke kabisa, hifadhi kwenye bahasha ya karatasi, sio ile plastiki laini inayonuka. Ukiona kwenye sarafu za shaba unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni chumvi ya ardhini au ya baharini inakula shaba kwa ndani, itenge na wenzake na iweke pakavu sana.

Bei nitakwambia bila kukupamba. Heller 10 ya 1909 zilitengenezwa nyingi, iliyotoka ardhini imechakaa ni dola chache tu, sio milioni. Angalia minada ya mtandaoni, na usiangalie bei aliyoandika muuzaji, angalia zilizouzwa kweli. Rupia ya fedha yenye sura ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na kofia ya tai ina uzito wa gramu 11.66, karibu gramu 10.7 ni fedha tupu, kwa hiyo hata ikiwa mbovu ina bei ya chini isiyoshuka, na mizani ndogo ya sonara inakuonyesha bandia nyingi papo hapo. Ile ya tembo ya Tabora ni maelfu ya dola ndio, na kwa sababu hiyohiyo bandia zake zimejaa, ukiletewa moja na mtu wa stendi usitoe hela. Anayekupigia anasema kuna mzungu ananunua hela za Mjerumani milioni mia ila utume kwanza ya usajili, au anataka sarafu "inayovuta mchele", utapeli huo umetapakaa sana India, block tu.

Kama una hiyo laki sita na inakuwasha mfukoni, tafuta koili ndogo ya inchi tano au sita inayoingia kwenye mashine yako, na pinpointa ya mkononi, kile kifimbo cha kukuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo. Kwenye misumari kama hiyo koili ndogo inapita katikati ya chuma kimoja na kingine, utapoteza kina kidogo ila sarafu ulizokuwa unazipita utaanza kuzisikia. Niandikie aina ya mashine yako na hizo namba ulizoandika za heller na msumari, nikuelekeze uiseti vipi kwa udongo huo.